Mapigo Sitini na Manne

Khofu ya mtu ambaye hajapata kupanda farasi ni khofu nyepesi, maana haijui inachokiogopa. Ama khofu ya mtu aliyepanda ujanani mwake, akaanguka, akaacha, ikapita miaka hata mwili ukawa mzito na viungo vikakakamaa, kisha akatamani kurudi, hiyo ni khofu yenye ilimu, inayoujua kwa yakini umbali uliopo baina ya tandiko na ardhi. Walimu wengi wa farasi huitendea khofu hii kama maradhi ya aibu, wakamwambia mwenye nayo apige moyo konde na ampande tena yule yule aliyemwangusha. Na mimi, niliyeacha kupanda tangu siku ile farasi aliposhtushwa na mfuko wa plastiki uliopeperushwa na upepo katika pwani ya Al Batinah, nikaanguka nikavunjika mtulinga, niliyasikia maneno hayo mara nyingi na hayakunirudisha. Kilichonirudisha ni mchezo ambao sikuutazamia asilani, nao ni mbio za masafa marefu, zile ambazo farasi na mpandaji wake hukata kilomita 40, au 80, au 120, au hata 160 kwa siku moja, jangwani au milimani, wakisimamishwa njiani mara kwa mara mbele ya tabibu wa wanyama. Muradi wa makala haya ni kueleza kwa nini mchezo huu, unaosifika kwa ugumu wake, ndio unaomfaa mtu mwoga.

Sharti kwanza nieleze mahali ninaposimama. Sisi tuliotoka Unguja tukalelewa Omani tumekulia katika nchi ambayo farasi ni sharafu ya mtu, na sharafu hiyo huonyeshwa kwa ujasiri. Katika ardha ya farasi, ambayo mwaka 2018 Shirika la UNESCO liliiandika katika orodha ya urithi wa wanadamu, wapandaji wawili hutoka bega kwa bega wakapiga shoti uwanjani, wakashikana mikono, na wengine wakasimama wima juu ya migongo ya farasi wanaokwenda mbio, ilhali watu kando wanashangilia na mashairi yanasomwa. Ni jambo la fahari, na mimi hulitazama mpaka leo kwa mapenzi makubwa. Lakini anayelelewa mbele ya tamasha kama hilo hujifunza, bighairi ya kufundishwa na yeyote, kwamba farasi ni wa mashujaa, na kwamba mwenye kutetemeka akikanyaga kikuku hana haki ya kuitwa mpanda farasi. Ndiyo sababu wengi wa rika langu, wanawake kwa wanaume, walipoanguka mara moja ya kuumiza waliuza matandiko yao na hawakulitaja jambo hilo tena.

Mbio za masafa marefu zimetoka katika fikra nyingine. Asili yake kwa sura ya leo ni jimbo la California, nchini Marekani, ambako mwaka 1955 bwana mmoja wa mji wa Auburn aitwaye Wendell Robie, pamoja na wenzake wachache, aliondoka upande wa Ziwa Tahoe akavuka milima ya Sierra Nevada mpaka Auburn, mwendo wa maili 100, yaani kilomita 160, kwa siku moja, ili kuwakata kauli watu waliodai kwamba farasi wa zama hizi hawaziwezi tena safari za matarishi na wachimba dhahabu wa karne iliyotangulia. Safari ile ikawa ya kila mwaka, ikajulikana kwa jina la Kombe la Tevis, na sheria yake ni ya insafu kubwa: muda ni saa 24, na kila anayefika ndani ya muda huo, farasi wake akithibitishwa kuwa bado yu mzima wa kuweza kuendelea, hupewa bizimu ya fedha ya kufungia mshipi, awe ametangulia au awe wa mwisho kabisa. Fauka ya hayo, tangu mwaka 1964 lipo kombe jingine, la Haggin, ambalo hapewi aliye mwepesi kuliko wote bali hupewa farasi atakayeonekana kuwa katika hali njema kuliko wenziwe miongoni mwa kumi wa kwanza. Chama cha mbio hizi cha Marekani, kilichoundwa mwaka 1972, kimejichagulia kauli isemayo kwamba kumaliza ndiko kushinda. Na aliyeithibitisha kauli hiyo kwa maisha yake ni Bibi Julie Suhr, aliyeiingia njia ya Tevis akiwa mtu mzima mwenye familia, akaendelea nayo mpaka uzeeni, akaimaliza mara 22, na lile kombe la Haggin akalitwaa mara tatu.

Nilipoyasoma hayo nilikwenda kwa mzee mmoja mwenye banda la farasi nyuma ya mashamba ya mitende ya Barka, mtu ambaye Kiswahili chake bado ni cha Ng'ambo ya Unguja ingawa ndevu zake zimeota mvi Omani. Nilimwamkia, "Shikamoo, ami," akaniitikia, "Marahaba, binti yangu," na nilipomweleza haja yangu, na khofu yangu pia, hakunipa nasaha ya kujikaza. Alimtoa farasi jike wake wa kijivujivu, Mwarabu mwenye mgongo mfupi na pua pana, akanishika mkono akauweka nyuma ya kiwiko cha mguu wa mbele wa kushoto, pale ambapo moyo wa farasi husikika, akasema, "Usimpande kwanza. Mhesabu." Nikahesabu kwa robo dakika, nikazidisha mara nne. Farasi aliyepumzika moyo wake hupiga baina ya mara 28 na 44 kwa dakika, pigo moja zito, kisha kimya kirefu kiasi cha kumtia wasiwasi asiyezoea, kisha jingine. "Akienda shoti huvuka mia mbili," akasema ami. "Na katika mbio zetu hizi hawatakuuliza ulikwenda shoti kiasi gani. Watakuuliza amerudi kwenye ngapi."

Maneno hayo ndiyo roho ya mchezo wote. Mpandaji anapoingia katika kituo cha ukaguzi kilichopo njiani, saa yake ya mashindano haisimami kwa kuwa kwato zimevuka mstari. Yeye hushuka, akalegeza mshipi wa tandiko, akammwagia farasi maji shingoni na kifuani, na wakati atakapompeleka kwa matabibu na mapigo yakakutwa 64 au chini yake, hapo ndipo huhesabiwa kuwa amewasili. Kanuni ya kimataifa iliyozoeleka humpa dakika 15 tu za kuyateremsha mapigo hayo, na akishindwa ametolewa, hata kama alikuwa wa kwanza kwa kilomita nzima. Basi mathalani wapandaji wawili wanakaribia kituo pamoja, mmoja akamchapua farasi ili atangulie kufika, mwingine akashuka na kuitembea nusu kilomita ya mwisho kwa miguu yake, hatamu mkononi, farasi akipumua taratibu nyuma yake. Yule wa kwanza atakaa dakika 10 akimwaga maji na kutazama saa, na huyu wa pili atapimwa papo hapo, akawa ametangulia bila ya kukimbia. Mimi sijui mchezo mwingine wa mbio ambao ndani yake hadhari hulipwa kwa dakika namna hii.

Wala moyo peke yake hautoshi. Tabibu huufunua mdomo akatazama ufizi, akaubonyeza kwa kidole gumba, na ile alama nyeupe inayobaki sharti irudi wekundu wake upesi, katika sekunde mbili hivi; huifinya ngozi ya bega aone kama inarejea mahali pake au inabaki imesimama, ambayo ni dalili ya kukaukiwa maji; huweka sikio la chombo chake ubavuni, juu na chini, kulia na kushoto, asikilize mngurumo wa matumbo, kwa kuwa farasi ambaye tumbo lake limenyamaza yumo hatarini hata akionekana mchangamfu; hupapasa mgongo na mahali mshipi unapopita, akitafuta michubuko; mwishowe huamrisha farasi akimbizwe kwa kamba kwenye ardhi ngumu, kwenda na kurudi, na akichechemea hata kidogo safari yake imekwisha. Mambo hayo yote ami alinifundisha kuyafanya mwenyewe bandani, asubuhi na jioni, kabla ya kuniruhusu kupanda, na ninaandika kwa ithibati kwamba hapana dawa ya khofu iliyonifaa kama hiyo, maana mikono iliyokuwa ikitetemeka ilipewa kazi, na macho yaliyozoea kutafuta mfuko wa plastiki mbele ya njia yalirudishwa kwa mnyama mwenyewe. Mtu anayeogopa huangalia sana, na kuangalia sana ndiko kunakotakiwa hapa.

Liko jambo jingine, nalo ni zito zaidi. Watafiti wa Uswidi, katika utafiti uliotangazwa mwaka 2009, waliwapa watu farasi wa kuongoza na wa kupanda kutoka mahali hadi mahali, mara nne, na kabla ya safari ya nne wakawaambia kwamba wakipita pale mwavuli utafunguliwa ghafla. Mwavuli haukufunguliwa, lakini moyo wa mtu ulipiga kwa kasi zaidi kwa sababu ya matarajio yake, na moyo wa farasi nao ukapanda vile vile, ingawa farasi hakuambiwa lolote. Kila saisi anayajua hayo tangu jadi, ila ni kheri yamepimwa. Sasa msomaji ayaunganishe na lile sharti la 64: maadamu khofu yangu huingia katika kifua cha farasi, na maadamu kifua cha farasi ndicho kinachopimwa kituoni, basi utulivu wangu si jambo baina yangu na nafsi yangu tena, ni sehemu ya mwendo, kama maji na malisho. Katika michezo mingine khofu ya mpandaji hufichika nyuma ya sura kavu na mgongo ulionyooka. Hapa tabibu huisoma kwa chombo chake, kisha huniambia hesabu yake, na kitu chenye hesabu kinaweza kushughulikiwa. Nilifundishwa kutoa pumzi ndefu kila nilipoona jambo la kushtusha, nikalegeza vifundo na vidole vya mkono wa hatamu, na farasi jike yule, ambaye sikio lake moja daima lilinielekea mimi, alikuwa akishusha shingo kabla sijamaliza kupumua.

Mazoezi yenyewe ni ya kuchosha kwa urefu wake kuliko kwa ukali wake. Majira ya kupanda huku ni ya baridi, na hata hivyo tulitoka kabla ya alfajiri kuu, tukaswali njiani, ili jua lisitukute mbali. Wiki nyingi za mwanzo zilikuwa za hatua tupu, farasi akitembea kwa nguvu na mimi nimekaa. Ndipo ikafuata telki, ule mwendo wa kati wenye mpigo sawa ambao wazee wetu wa Unguja waliusifia kwa punda weupe wakubwa wa Maskati, na ambao ndio ngao ya mbio za masafa, kwa sababu farasi aliyezoezwa anaweza kuushika kwa saa nyingi bila kuumia. Mpandaji naye ana wajibu wake, kuinuka na kuketi kwa mpigo huo asimwangukie mnyama mgongoni, na kubadilisha upande mara kwa mara ili bega moja lisichoshwe kuliko jingine. Mapaja yaliniuma hata nikawa nashuka ngazi za nyumbani kwa kushikilia ukuta. Lakini khofu haina makao mema ndani ya telki ndefu; inahitaji kishindo, na pale hapana kishindo, kuna mchanga, mitende inayopita, na mpigo ule ule.

Joto ndilo adui wa kweli. Farasi hutoka jasho jingi mno, lita 10 kwa saa na zaidi panapokuwa na joto kali, na jasho lake lina chumvi nyingi kuliko la binadamu, nyingi hata kuliko damu yake yenyewe. Na kwa kuwa maji na chumvi vinatoka pamoja, damu haibaki na ukolezi ule unaoamsha kiu, hivyo farasi anaweza kuwa ameishiwa maji na akasimama mbele ya ndoo asiitake. Ndiyo sababu wapandaji wa masafa hubeba chumvi zilizotengenezwa kama uji mzito wakampa kinywani kwa bomba, na ndiyo sababu ami alinikataza kuipita ndoo yoyote njiani bila kusimama, hata farasi akikataa, maana safari ya pili au ya tatu atakumbuka kuwa tunasimama, naye atakunywa.

Mbio zangu za mwanzo zilikuwa za kilomita 40 kwa wanaoanza, mizunguko miwili, na kwa watu kama sisi kanuni za kimataifa zinaamuru mwendo usizidi kilomita 16 kwa saa, jambo lililonifurahisha kuliko nilivyoweza kumwambia mtu. Wakati wa kuondoka ndio mbaya kuliko wote, kwa kuwa farasi ni mnyama wa kundi, na akiwaona wenziwe wanakwenda damu yake humwambia awafuate; tuliwaacha wote waondoke, tukangoja mpaka vumbi likatulia, tukatoka kwa hatua. Katika mzunguko wa kwanza kulikuwa na bomba jeusi la maji la shamba limelala kando ya njia, na farasi jike akaruka upande mmoja kwa mruko ule ule ulionivunja mtulinga zamani. Nilibaki juu yake. Nilitoa pumzi yangu yote, nikaushika mkanda wa shingoni ambao ami aliufunga makusudi kwa ajili ya saa kama hiyo, nikamgeuza aliangalie bomba mpaka akalinusa, tukaenda zetu. Kituoni nilimshusha kutoka 72 hadi 56 kwa ndoo mbili za maji na kivuli cha gari, na tabibu, mwanamke kijana mwenye miwani ya jua kichwani, alinitazama mimi badala ya farasi akasema, "Yeye yu salama. Wewe umekunywa maji?"

Kwa wasomaji wa pwani ya Afrika Mashariki huenda mambo haya yakaonekana ya mbali, kwa kuwa farasi hakuenea kwetu. Mbung'o na nagana, pamoja na tauni ya farasi, vilimzuia bara, akabaki kipando cha mabwana wachache wa mijini. Lakini bahari iliwapitisha. Mwaka 1840 jahazi la Sultana la Seyyid Said, mtawala wa Omani na Unguja, likiongozwa na Ahmad bin Na'aman, lilipofika New York kutoka Unguja, miongoni mwa zawadi zilizokusudiwa Rais Martin Van Buren walikuwamo farasi wawili wa Kiarabu, zaidi ya karne moja kabla Bwana Robie hajatandika farasi wake kwenda Auburn. Na mpaka leo wanaong'ara zaidi katika masafa, California hali kadhalika na Ghuba, ni farasi wa nasaba hiyo ya Kiarabu, wenye ngozi nyembamba inayopoa upesi na misuli iliyoumbwa kwa uvumilivu.

Nasema Ghuba, na hapa siwezi kupita kimya. Tangu mashindano ya dunia yaliyoanzia Roma mwaka 1986 yalipoletwa Falme za Kiarabu mwaka 1998, fedha nyingi na mapenzi makubwa yameingia katika mchezo huu kwa upande wetu, na pamoja nayo imeingia kasi. Njia tambarare za jangwani, farasi wengi, zawadi nono: hayo yamewafanya baadhi ya wenye mabanda kuyageuza masafa kuwa shoti ndefu, farasi wakavunjika miguu na kufa, hata mwaka 2015 shirikisho la kimataifa likalisimamisha kwa muda shirikisho la Falme hizo. Wapo wa hapa hapa walioona vibaya wakatenda: katika kijiji cha mbio cha Bouthib, Abu Dhabi, ziliwekwa sheria za kukomesha mwendo uliozidi kilomita 20 kwa saa na kuteremsha mapigo yanayotakiwa hadi 56, na farasi wengi zaidi wakawa wanamaliza wakiwa wazima. Mimi ningependa sheria hizo zifuatwe kila mahali jua linapowaka namna hii. Mwenye kusema kwamba zinaua mchezo anasema juu ya mchezo mwingine, maana huu uliasisiwa juu ya swali la hali ya farasi baada ya safari, na anayelifuta swali hilo amebakiwa na mchanga na saa.

Mizunguko yote miwili tuliimaliza, tukawa karibu na mwisho katika orodha, mapigo 52. Ami hakunipongeza kwa maneno mengi. Aliupitisha mkono chini ya mshipi, akaukagua mgongo, akainua kwato moja moja, kisha akaniambia kwamba farasi jike atapumzika mpaka atakapoona yeye, nami nitembee kila jioni bila ya farasi, kwa kuwa katika kilomita 80 nitapaswa kushuka mara nyingi zaidi na pumzi yangu ndiyo itakayokwisha kwanza. Nimekwisha nunua viatu vya kutembelea, na kila baada ya Magharibi naifuata njia ya ufukweni kutoka Barka, nikihesabu mapigo ya shingo yangu mwenyewe kwa robo dakika na kuzidisha mara nne.